Sentensi Moja kwa Jina la Tabitha

Siku yangu ya kwanza kazini niliposhuka kwenye basi pale Ulemo, wazee watatu wa kanisa walikuwa wamesimama na baiskeli ya kubebea mizigo. Waliniangalia, wakauangalia mlango wa basi, wakaendelea kungoja. Basi lilipoondoka na vumbi lake, mmoja akanisogelea.

"Binti, mchungaji amebaki Singida?"

"Shikamoo, baba. Mchungaji ni mimi."

Marahaba yake ilichelewa kidogo. Wakafunga sanduku langu kwenye baiskeli, tukaongozana hadi nyumba ya usharika bila maneno mengi. Nilikuwa nimezaliwa Iramba na Kinyiramba nilikinyonya kwa mama, kwa hiyo yale waliyosemezana nyuma yangu njiani niliyasikia yote. Walikuwa wanajiuliza watawaambia nini watu.

Wanaoingia kazini leo huenda wasinielewe. Siku hizi msichana akivaa kola, ule ukosi mweupe wa shingoni, hakuna anayesimama kumshangaa. Wakati wetu tulikuwa wachache mno. Hata jina la kutuita halikuwepo. "Mama mchungaji" kwetu ni mke wa mchungaji, basi nikiitwa hivyo, swali lililofuata lilikuwa, "Na mchungaji mwenyewe yupo?" Mkutano wangu wa kwanza wa wachungaji, nilipofika getini nilielekezwa jikoni, nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Nilimenya vitunguu viwili kabla sijapata ujasiri wa kusema.

Aliyekuja kuniingiza kazini rasmi alikuwa Mkuu wa Jimbo, yaani mchungaji anayesimamia sharika za eneo zima. Alikuwa mzee mkavu, mpole kwa matendo na mkali kwa maneno. Baada ya ibada aliniita pembeni.

"Usibishane nao," akaniambia. "Tembelea nyumba zao. Siku utakapomzikia mtu mama yake, hatauliza tena kama wewe ni mwanamke. Na jambo jingine. Machozi yako usiyapeleke kanisani. Ukitaka kulia, lilia nyumbani, nawa uso, ndipo utoke."

Niliyashika yote mawili. La kwanza lilinijenga. Nilitembea vitongoji vyote vya Ulemo kwa miguu, nikakaa kwenye vigoda vya jikoni, nikazika, nikabatiza, nikafundisha vijana wa kipaimara, na mwaka wa tatu wale wazee wa baiskeli ndio waliokataa nihamishwe. La pili nililishika kupita kiasi. Nilijifunza kunawa uso haraka mno, na baadaye nikaanza kuwanawisha wengine bila kuwauliza.

Kutoka Ulemo nilipangiwa Kilimatinde, kule juu Manyoni. Huko nilikuwa peke yangu kuliko popote. Mchungaji mwanamke wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku. Jumatatu, siku ya mapumziko ya mchungaji, nilikuwa nakaa na daftari na kuandika yaliyonipata wiki nzima: mahubiri yaliyogoma kutoka, mzee aliyegoma kupokea mkate kwenye mkono wangu, mama aliyenishika kanzu mlangoni akaniambia binti yake sasa anataka kuwa kama mimi. Niliandika kwa ajili yangu tu.

Ndipo nikaletewa Tabitha. Alikuja kama vikari, yaani mtu aliyemaliza chuo cha theolojia lakini bado hajabarikiwa kuwa mchungaji, na anakaa mwaka mmoja chini ya mchungaji mzoefu ajifunze kazi. Alikuwa binti mrefu, mcheshi, na alikuwa na kompyuta ya kupakata yenye ufa kwenye kona ya kioo. Siku moja alilikuta daftari langu mezani akaomba alisome. Nilimruhusu. Alilisoma hadi chai ikapoa.

"Mama, haya unamfichia nani?" akaniuliza.

"Simfichii mtu. Ni yangu."

"Yule mchungaji aliyeko Mkalama peke yake akisoma hapa pa vitunguu, si atacheka hadi alie? Tufungue blogu."

Sikujua blogu ni kitu gani. Akanieleza kwamba ni kama daftari lililowekwa mtandaoni, kila mtu anaweza kulifungua na kuandika maoni yake chini. Mtandao Kilimatinde ulikamata vizuri upande mmoja tu, nyuma ya ukuta wa kanisa, ambako mlima unaishia na bonde linafunguka chini. Tukapeleka huko stuli mbili. Yeye alichapa, mimi nilisoma kutoka kwenye daftari. Blogu tukaiita Kola na Kitenge.

Miezi ya kwanza tulijisomea wenyewe. Kisha mchungaji mmoja wa kike akaandika maoni, akafuata wa pili, wakaanza kutuma ya kwao. Mmoja aliandika jinsi ya kuongoza mazishi mtoto mgongoni. Mwingine aliandika namna ya kumjibu mzee wa kanisa anayesema "tunakuheshimu, lakini". Mwalimu mmoja wa Ikungi aliandika, "Mimi ni Mwislamu, lakini Jumatatu sinywi chai kabla sijawasoma." Tabitha aliyasoma maoni hayo kwa sauti kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Nasema bila kujisifu kwamba kuna wanawake waliobaki kwenye utumishi kwa sababu ya ukuta ule wa nyuma ya kanisa. Waliniambia wenyewe.

Tabitha alibarikiwa, akapewa usharika mbali, upande wa Mkalama, na akaolewa na fundi seremala mtulivu. Mimi nilihamishiwa Mandewa, ofisini, kusimamia kazi za wanawake. Huko nilikuwa chini ya Msaidizi wa Askofu, mtu nadhifu, asiyepandisha sauti, ambaye kila karatasi mezani kwake ilikaa sambamba na ukingo wa meza. Alikuwa ameisoma blogu.

"Ni kazi nzuri," aliniambia. "Iingie chini ya ofisi yako, uwe mhariri. Ila mchungaji, iwe ya kujenga. Watu wakija pale wakute ushindi. Wakikuta manung'uniko, mimi nitaombwa niifunge, na sitakuwa na la kujibu."

Nilitoka pale nimefurahi. Kuwa mhariri maana yake ni kwamba kila andiko lilipita kwangu kwanza likiwa rasimu, nikasahihisha, nikabonyeza kitufe cha kuchapisha. Mwanzoni nilirekebisha herufi. Baadaye nikaanza kurekebisha huzuni. Mtu akiandika "nimechoka", niliongeza "lakini Bwana ni nguvu yangu". Hakuna aliyelalamika. Wengine walishukuru. Nikazoea.

Kisha Tabitha akapata ujauzito, na usharika wake ukagawanyika juu ya tumbo lake. Kulikuwa na waliosema si sawa mwanamke mjamzito kusimama madhabahuni. Wakati wa Meza ya Bwana walisubiri kwenye viti mpaka mwinjilisti, msaidizi wake, aliposhika sahani ya mkate, ndipo wakaenda kupiga magoti upande wake. Tabitha alinipigia simu akinieleza huku akijaribu kucheka. Mimba ilipofika mwezi wa saba, mtoto alizaliwa bila uhai.

Walimzika Alhamisi. Jumamosi mzee mmoja wa kanisa alisimama kwenye baraza la wazee, mume wa Tabitha akiwa amekaa pale, akasema kwamba balaa lililotafutwa limepatikana. Jumapili hapakuwa na mchungaji mwingine wa kuongoza ibada. Tabitha akavaa joho akaongoza.

Wiki iliyofuata alinitumia andiko lake. Sehemu kubwa niliijua kwa moyo, na bado naijua:

"Alhamisi nimemzika mwanangu, Jumapili nimetoa baraka. Niliinua mikono na maziwa yakanitoka chini ya joho, kwa kuwa mwili bado haujaambiwa. Waliokuwa wakinikwepa walikuja wote kupokea. Sijawasamehe. Sijui kama nitawasamehe. Naandika ili dada yangu aliye peke yake mahali ajue kwamba mchungaji anaweza kutoa baraka ambayo yeye mwenyewe hana."

Nilikaa na rasimu ile mchana kutwa. Nililia, hilo niwe mkweli. Halafu nikafanya nilivyofundishwa, nikanawa uso. Nikaondoa maziwa, nikisema watu wataona aibu. Nikaondoa "Sijawasamehe. Sijui kama nitawasamehe." Mahali pake nikaandika: "Leo nimewasamehe wote, na Bwana amenifuta machozi." Nikabonyeza kitufe.

Lile lilikuwa andiko lililosomwa kuliko yote. Amina zilijaa chini yake. Siku ya pili Tabitha akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shikamoo, Mama. Ile sentensi ya msamaha ameiandika nani?"

"Marahaba. Mimi, mwanangu. Nimeilainisha tu kidogo."

"Mimi sijasamehe mtu, Mama."

"Utasamehe. Andiko limetangulia tu mbele yako."

"Naomba uitoe."

"Ngoja kidogo. Watu wamebarikiwa sana. Wiki ijayo nitaitazama."

Akaniaga kwa heshima. Wiki ijayo ikaja, sikuitazama. Nilijiambia kwamba nikiigusa watu watauliza, na wakiuliza, Msaidizi wa Askofu ataifunga blogu, na wale wengine wote watabaki bila mahali pa kukaa. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na sura ya huruma.

Kumbe Tabitha alikuwa amepeleka malalamiko ofisini. Aliomba mambo mawili: yule mzee aonywe mbele ya baraza lile lile alikosema maneno yale, na yeye apewe miezi mitatu ya kupumzika. Kikao kikaitwa Mandewa. Tulikuwa watano mezani, mimi nikiwamo kwa ajili ya ofisi yangu. Tabitha aliingia amevaa kola, amekonda. Alinisalimia kwa macho tu, akaketi mwisho wa meza.

Alieleza vizuri, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, Msaidizi wa Askofu akafungua jalada, akatoa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye blogu. Akaielekeza kwake.

"Mchungaji Tabitha, jina hili ni lako?"

"Ni langu."

"Hapa umeandika kwamba umewasamehe wote. Limesomwa na waumini, na mzee mwenyewe amelisoma. Ametuambia alimshukuru Mungu. Sasa haya malalamiko tuyaeleweje? Maneno haya ni yako?"

Tabitha akageuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama vikari aliyesahau mstari wa liturujia mbele ya watu anavyomwangalia mchungaji wake, akijua atamdokeza.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika tarehe juu ya daftari langu, ingawa ilikuwa imeshaandikwa.

"Yamewekwa jina langu," Tabitha akasema.

"Basi tumshukuru Mungu," akasema Msaidizi wa Askofu, na sidhani kama alisema kwa ubaya. "Mtu hawezi kusamehe kwenye blogu akaja kushtaki ofisini. Suala hili limekwisha. Rudi kazini, mwanangu, kazi itakuponya."

Hakuonywa mtu. Likizo haikutolewa. Tulifunga kwa sala, na aliyeombwa kusali ni mimi. Nilisali vizuri sana.

Nilimkimbilia nje. Alikuwa anafunga kilemba dhidi ya upepo. Nikamwambia nitampigia, tutazungumza. Akasema, "Haya, Mama." Baada ya miezi minne alileta joho, stola ya mabegani na kola ofisini, vimefuliwa na kupigwa pasi, vimekunjwa ndani ya mfuko. Nilikuwa safarini siku hiyo. Au tuseme nilikuwa nimejitafutia safari.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipanda cheo, nilialikwa kufundisha vikari wapya, na mara nyingi nilitambulishwa kama mama wa Kola na Kitenge. Niliandika pale juu ya uvumilivu, nikaandika juu ya upendo wa dada kwa dada. Sentensi ile ilibaki mahali pake. Blogu yenyewe ikaanza kupungua. Wanawake walihamia kwenye makundi ya simu, na nadhani kuna jambo jingine: walikuwa wameanza kunusa harufu ya maji na sabuni katika kila andiko. Kila mtu pale alikuwa ameshinda. Anayezama hasomi habari za walioshinda tu. Mwisho ni mimi peke yangu niliyekuwa naandika, na mwishowe na mimi nikaacha.

Nilistaafu kwa ibada nzuri. Nilipewa mbuzi, kitenge na saa ya ukutani, na mtu akasoma risala ndefu ambamo Tabitha hakutajwa. Nikarudi nyumbani kwangu Mandewa, na kwa mara ya kwanza tangu ujana Jumatatu ikafanana na siku nyingine. Nilipokuwa sina tena kikao cha kukimbilia, nilifungua kompyuta yangu nikatafuta barua pepe za zamani. Rasimu ya Tabitha ilikuwepo kama alivyoituma. Kidole changu kilikuwa tayari kuirudisha kwenye blogu siku hiyo hiyo, neno kwa neno. Nikasimama. Ningekuwa nimeamua tena kwa niaba yake.

Nikaulizia aliko. Alikuwa Ikungi, yeye na mumewe wana mashine ya kukamua alizeti. Nilikwenda bila kutoa taarifa, nikamkuta amekaa penye mizani, amefunga kanga kiunoni, mikono inang'aa mafuta. Watu walikuwa wamepanga magunia. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa kiti, akaomba nisubiri ampimie mteja mmoja. Kisha akaja akakaa mbele yangu. Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi niseme kwa sauti kubwa yale niliyokuwa nimepanga kuyanong'ona. Nikasema nilivyobadilisha maneno yake, nikasema nilivyokaa kimya kwenye kikao, nikasema sababu ilikuwa woga na wala si blogu.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Haya yote nilikuwa nayajua, Mama," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme siku ile. Leo simngoji mtu."

Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Yule Msaidizi wa Askofu umemwambia?"

"Bado. Nimeanzia kwako."

"Mimi nilikuwepo, Mama, wa kuambiwa ni wao. Kwenye muhtasari wa kikao kuna maandishi kwamba nilisema nimesamehe, halafu nikashtaki. Kila anayefungua jalada langu anasoma kwamba mimi ni kigeugeu. Nilipoomba kazi ya kufundisha dini shuleni walipiga simu ofisini kuuliza habari zangu. Wakasomewa hayo."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimejua kwamba nilimwumiza siku moja. Sikujua kwamba sentensi yangu iliendelea kutembea na kumtangulia kila alikokwenda.

Nikamwambia rasimu yake ninayo. Uso wake ukabadilika. "Unayo? Mimi sikubaki na nakala. Simu niliyoiandikia iliibiwa, na barua pepe ile sikuweza tena kuifungua." Nikamtumia pale pale. Akasimama kando ya mizani akasoma, midomo ikitikisika kidogo. Mama mmoja mwenye gunia alimwita mara mbili, hakusikia. Alipomaliza alivuta pumzi, akaiweka simu chini ya kanga.

"Niirudishe kwenye blogu?" nikauliza.

"Hapana. Hii ni yangu. Ile yako ndiyo uitoe."

Akaenda kumpimia yule mama gunia lake. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, akanipa chupa ya mafuta kama anavyopewa mgeni yeyote. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Nimekwishamjibia swali hilo mara moja, inatosha.

Jioni ile niliifuta sentensi, na chini nikaandika kwamba iliwekwa na mhariri bila idhini ya mwandishi, nikatia jina langu. Kisha nikaandika barua ofisini, nikaomba iambatishwe kwenye muhtasari wa kikao kile. Nilikwenda pia kwa Msaidizi wa Askofu, ambaye naye amestaafu na sasa anatembea kwa fimbo. Alinisikiliza kwa mshangao wa kweli.

"Kwa nini hukusema, mchungaji? Ningemsikiliza."

Labda angemsikiliza, labda asingemsikiliza. Ofisi ilinijibu kwa mistari miwili kwamba barua yangu imepokelewa na imewekwa kwenye jalada husika. Nikapiga picha jibu lile nikamtumia Tabitha. Alijibu, "Nimeona. Asante, Mama." Hajarudi kwenye uchungaji, na sioni kama atarudi. Jumapili, naambiwa, anakaa kiti cha nyuma na mumewe, na wakati wa baraka huinamisha kichwa kama waumini wengine.

Vijana wa kike waliobarikiwa juzi wameanza blogu yao, na wamenitumia rasimu wakiniomba, kama mzee wao, niwasahihishie. Ya kwanza niliyoifungua ni ya mchungaji wa huko Manyoni. Ameandika kwamba amechoka, kwamba hajui kama aliitwa, kwamba wiki hii hakuomba hata siku moja. Imeishia hapo, katikati ya giza lake. Nilisahihisha herufi mbili na kuongeza nukta mahali palipokosa. Kisha nikampigia simu, nikamwuliza amekula nini leo, nikakaa kumsikiliza.